Ubatizo wa Baba Jacklyne

Mchungaji Kiarie hakuwa mtu mbaya. Heri tuliseme hilo mapema, maana wako watu mtaani Kabiria ambao mpaka leo wakisikia jina lake husonya. Alikuwa mtu wa kutembelea wagonjwa, hata wale wasio na sadaka ya kutoa. Jumamosi hiyo ya mwezi wa saba, kibaridi kikiuma na matope yakishika viatu, alifunga duka lake la misumari na mabati pale Dagoretti Corner, akatembea mpaka nyumbani kwa Omollo, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaketi, akamjulia mgonjwa hali, kisha akasema kilichomleta.

"Baba Jacklyne, kubatiza nitakubatiza. Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Lakini huwezi kuingia kwa maji ukiwa na wanawake wawili."

Omollo alikuwa ameegemezwa kitandani kwa mito aliyoishona mwenyewe, siku zile alipokuwa fundi wa makochi kwenye vibanda vya Ngong Road. Moyo wake ulikuwa umepanuka na maji yalikuwa yamejaa miguuni. Hospitali ilimrudisha nyumbani na vidonge, ikasema apumzike, na kila mtu alielewa maana ya kupumzika huko.

"Wote wawili niliwalipia mahari," Omollo alisema. "Yule wa nyumbani na huyu."

"Najua. Lakini kanisa linatambua mmoja, yule wa kwanza. Huyu wa pili unamwachilia. Unasema mbele ya watu, na yeye anasema amekubali, halafu mnakaa kila mtu kwake. Hapo sasa utakuwa umetubu kabisa, si kutubu kwa mdomo."

Huyu wa pili alikuwa nyuma ya pazia anapika chai. Lornah alisikia kila neno, na wakati anasikia, maziwa yalifura yakamwagikia stovu ikazima. Akaiwasha tena. Ungefanya nini wewe? Chai ilikuwa ya mgeni, na mgeni alikuwa mtumishi wa Mungu. Akamimina, akapanga mkate kwenye sahani, akasukuma pazia kwa bega, akampa mchungaji kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Ubarikiwe," mchungaji alisema, akaiombea chai ile. Aliomba kirefu. Akamtaja Omollo na maumivu yake, akamtaja binti yao Jacklyne na masomo yake, akaitaja hata ploti yao ya vyumba vya kupanga na majirani. Lornah alikuwa amefumba macho akingoja jina lake. Aliyafumbua baada ya amina.

Mchungaji alipoondoka, Lornah alikusanya vikombe, yeye na mumewe kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

"Umesikia," Omollo akasema mwishowe.

"Nitakosaje kusikia? Pazia si ukuta."

"Na unasemaje?"

"Sema wewe kwanza. Ni wewe unaenda mbinguni."

Omollo akageuza uso. Hakuwa mtu wa kanisa, huyu. Miaka yote alikuwa akimsindikiza Lornah mpaka getini siku ya Jumapili, kisha anakwenda zake kucheza bao la ajua na mafundi wenzake. Sasa mikono yake ilikuwa inavuta vuta blanketi.

"Kule wodini kulikuwa na mzee wa Seme, kitanda kilichofuata changu. Siku ya kufa alijivuta mpaka ukutani kama mtu anayekimbia kitu. Hakukuwa na kitu mbele yake, mimi niliangalia. Lakini yeye alikuwa anakiona." Akavuta pumzi. "Naogopa, Mama Jacklyne. Naogopa ule moto. Mtu mzima, na ndevu zangu, nakwambia naogopa."

Lornah aliketi ukingoni mwa kitanda. Tangu aolewe alikuwa akimwombea mwanamume huyu aokoke. Alifunga kula, alikesha, alitoa sadaka ambayo ingenunua unga. Sasa maombi yalikuwa yamejibiwa, na jibu lenyewe lilikuwa limekuja kumtafuta yeye.

Na mtu asidhani Lornah aliichukulia dini kama mchezo. Kwa kuwa alikuwa mke wa pili, hakuruhusiwa kubatizwa wala kushiriki Meza ya Bwana. Kila trei ilipofika safu yao, mwanamke wa kulia aliipitisha juu ya magoti yake kumpa mwanamke wa kushoto, na Lornah alijibana nyuma ili asiwasumbue. Aliyavumilia hayo kwa sababu alijua moto upo, kama alivyojua jina lake.

Jacklyne aliingia, sweta ya shule mabegani. Alikuwa kidato cha pili na mdomo haukuwa na breki.

"Kwani kuna nini? Mbona mmenyamaza hivyo?"

Wakamwambia. Ilibidi waambiane kwa zamu, maana hakuna aliyeweza kuimaliza peke yake.

"Ati nini? Yaani buda atuache ndio aingie mbinguni? Na mathe ndiye anamlisha, ndiye anamwosha, ndiye analipa hii nyumba?"

"Jacklyne."

"Wacha niseme. Mimi nitaitwa mtoto wa nani sasa?"

"Wangu," Omollo alisema. "Watoto hawahusiki. Mchungaji mwenyewe amesema."

"Basi mwambie asante sana."

Lornah akamtuma maji, ingawa mitungi yote ilikuwa imejaa. Msichana akauchukua mtungi uliojaa, akaumwaga nje ya mlango mbele ya macho yao, akaenda.

"Sikulazimishi," Omollo akasema kwa sauti ndogo. "Wewe ukikataa, mchungaji hana la kufanya. Lazima ukubali mwenyewe."

Hapo ndipo alipomfunga. Pengine hakukusudia. Lakini tangu saa hiyo Lornah alijua kwamba Omollo akifa bila maji, watu watasema mengi, na Mungu ataangalia mkono wa nani uliokuwa umeshika nguo yake kumzuia.

Jumatatu Lornah alikuwa kazini mjini, akipiga deki ngazi za jumba moja la ofisi kwenye Moi Avenue. Ulipofika wakati wa chakula cha mchana alikwenda bustani ya Jeevanjee na maandazi yake, akaketi kwenye nyasi mahali pasipo na maji. Wahubiri walikuwepo kama kawaida, kila mmoja na kona yake na Biblia yake. Wa karibu naye alikuwa kijana wa suti ya kijivu, na siku hiyo alikuwa akihubiri Jehanamu. Alijua kuieleza. Makarani walioketi na magazeti yao waliinua macho, wengine wakacheka.

Lornah hakucheka. Wala hakuona shetani na mapembe kama wanavyochora. Aliona miguu ya Omollo, ile iliyovimba, ile aliyoisugua asubuhi hiyohiyo kwa maji ya uvuguvugu, ikiwa ndani ya moto ule. Akafunga maandazi kwenye karatasi bila kuyamaliza.

Jioni alishukia Dagoretti Corner, akaingia dukani kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa na koti la buluu la kazi na penseli sikioni.

"Mchungaji, nina swali."

"Uliza, mama."

"Ulihubiri kwamba huko juu hakuna kuoana. Mtu hana mume wala mke."

"Ni kweli kabisa. Bwana mwenyewe alisema."

"Sasa kama huko hakuna mke wa mtu, mimi nitamzuiaje kuingia? Si tukifika mlangoni tutaachana tu?"

Mchungaji alifungua mdomo, lakini fundi mmoja wa mawe aliingia akitaka misumari ya inchi tatu. Lornah akasogea kando, mkoba kifuani, akasimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Misumari ikapimwa, ikafungwa kwenye gazeti, chenji ikatolewa. Fundi alimwangalia Lornah kuanzia viatu kwenda juu, akatoka.

"Mama Jacklyne," mchungaji akasema, "hii sheria si mimi niliandika. Niliikuta. Mzee aliyenibatiza mimi aliacha wake wawili kwa ajili ya Yesu, na mmoja alikuwa na mimba."

"Na huyo mwenye mimba alienda wapi?"

Mchungaji aliitoa penseli sikioni. Ile hadithi alikuwa ameisimulia kwenye mimbari mara nyingi sana, na hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

"Sijui," alisema. Alikuwa mkweli, tumpe haki yake. "Lakini hebu angalia na upande wako. Ukitoka kwa hiyo nyumba, wewe pia nitakubatiza. Utashiriki Meza kama wengine. Hiyo si kitu kidogo."

Haikuwa kitu kidogo. Lornah aliitamani Meza ile mpaka ilikuwa ikimjia ndotoni, na alijichukia kwamba hata sasa, hapo dukani, aliitamani.

"Kwa hivyo sisi wawili tunaingia mbinguni kwa kuachana."

"Ukisema hivyo inasikika vibaya."

"Nisemeje ndio isikike vizuri?"

Mchungaji akairudisha penseli sikioni. Akasema atawaombea.

Nje ya duka kulikuwa na kibanda cha simu ya jamii. Lornah alisimama hapo akiangalia watu wakipiga, mpaka mwenye simu akamwuliza kama anapiga ama anapumzika. Akampa namba ya duka moja kule Ugenya, nyumbani kwa kina Omollo. Walitumwa watoto kumwita Peres, mke wa kwanza, na pesa zikawa zinakwenda tu.

"Mikayi," Lornah alisema. Hivyo ndivyo Wajaluo humwita mke mkubwa wa boma, na hakuwahi kumwita jina lingine. "Ni mimi, Lornah."

"Amekufa?"

"Hajafa. Anataka kubatizwa. Njoo umchukue."

"Nimchukue nimpeleke wapi?"

"Uwe mke wake. Mimi naondoka."

Kuku walisikika wakilia kule upande wa pili.

"Nyar Gem," Peres akasema, maana Lornah alikuwa binti wa Gem, "umelewa?"

Peres aliingia Ijumaa asubuhi, amechoka kwa basi la usiku, mwanamke mrefu mkavu anayechechemea kwa nyonga mbovu. Alikuja na mihogo mikavu na kuku, kana kwamba amekuja kutembelea. Alimsalimu Omollo kwa mkono kama anavyosalimiwa mkwe. Kisha akaangalia kitanda, maana kilikuwa kimoja.

"Mimi nalala wapi?"

"Hapo," Lornah alisema. Alikuwa ameshatoa nguo zake kwenye misumari na kuzipeleka kwa jirani yao Philister, mlango wa pili kwenye ploti hiyohiyo. Shuka alikuwa amefua.

Peres alimfuata nje mpaka kwenye bomba, akamshika mkono. Wakaongea kwa lugha yao.

"Kuna mtu aliniuliza mimi kama namtaka? Huyo mchungaji wenu? Nimelima peke yangu, nimesomesha peke yangu, nimezoea. Sasa mnaniletea mgonjwa, mnaniambia ni zawadi."

"Si mimi, Mikayi."

"Ni nani basi?"

"Anaogopa kufa vibaya."

"Na wewe je? Ukishaachwa mbele ya watu, siku ya kuzika utakaa wapi? Pamoja na kwaya?"

Lornah alifungua bomba, akanawa mikono. Alikuwa amelifikiria hilo kila akigeuka kwenye mkeka wa Philister. Mke aliyeachwa hana mahali kando ya jeneza, hana nyumba katika boma, na akifa hazikwi kule. Aliwaza pia kwamba kaburi ni la muda na moto ni wa milele, akalishika wazo hilo kwa nguvu, maana hakuwa na lingine.

Jumapili baridi ilikuwa kali zaidi. Nyuma ya kanisa kulikuwa na tangi la saruji la kubatizia, na daktari alikuwa ameonya kwamba maji baridi yatamuua mgonjwa papo hapo. Kina mama wakawasha kuni, wakachemsha maji kwenye sufuria za harusi, wakawa wanayamwaga tangini. Lornah alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyethubutu kumfukuza. Alibeba sufuria baada ya sufuria mpaka moshi ukamtoa machozi, na moshi ulimfaa siku hiyo. Kila mara alichovya kiwiko kwenye tangi, kama anayempimia mtoto maji ya kuoga.

Kisha wakaitwa ndani. Omollo alishikiliwa na wazee wawili, kanzu nyeupe ikimning'inia mabegani.

"Ndugu Omollo, mbele za Mungu na kanisa hili, unamwachilia mwanamke huyu?"

"Namwachilia," Omollo alisema, akiangalia miguu yake.

"Na wewe, mama, umekubali?"

Vichwa vyote viligeuka. Jacklyne alikuwa amekataa katakata kuja. Peres alikuwa ameketi mbele, mahali alipopangiwa, uso kama mlango uliofungwa. Lornah alisimama. Alifikiri sauti itamkataa, lakini ilitoka safi kabisa.

"Nimekubali."

Mtu akasema amina. Mwingine akapiga makofi, na kanisa zima likapokea. Hakuwahi kupigiwa makofi tangu azaliwe. Alisimama pale hajui mikono aiweke wapi, mpaka yalipoisha.

Na tusidanganyane, Omollo alifurahi. Alipotolewa majini alikuwa akihema na kutetemeka, lakini uso ulikuwa umefunguka, mwepesi, uso wa kijana aliyemshonea Lornah mto kabla hajamtongoza. Hofu ilikuwa imemtoka. Lornah aliiona ikiwa imemtoka, akamshukuru Mungu kwa dhati, na hapohapo akatamani kuipiga mateke ile sufuria.

Jumatano, kabla jua halijapanda, Jacklyne aliupiga mlango wa Philister.

"Mathe, kuja. Buda hapumui vizuri."

Lornah aliingia na leso tu mwilini. Omollo alikuwa amelala chali, mdomo wazi, midomo imegeuka rangi. Peres alikuwa akimpepea kwa gazeti.

"Nilidhani akilala atapumzika," Peres alisema.

"Hapana, hapana. Anakaa. Lazima akae." Lornah alikuwa tayari ameweka goti kitandani, apite nyuma yake amwegemeze kifuani, jinsi alivyokuwa akimpitisha saa mbaya kama hizi. Akamshika mabega.

"Usinishike," Omollo akasema.

Akadhani hakusikia vizuri.

"Usinishike, dada Lornah."

Dada. Hivyo ndivyo walivyoitana kanisani, watu wasio na lolote kati yao. Lornah akaiondoa mikono polepole, akabaki ameishikilia hewani.

"Mimi si dhambi, Baba Jacklyne."

"Najua." Maneno yalitoka nusunusu. "Lakini nikikosea sasa... sina wakati wa kutubu tena."

Alikuwa akimwangalia kwa macho ya kuomba radhi, na chini ya radhi hofu ilikuwa imerudi yote. Hofu ile Lornah ndiye aliyeilipia ili iondoke. Hangeweza kuirudisha kwa mikono yake mwenyewe.

Akageukia Peres.

"Panda nyuma yake. Ndiyo, hapo. Fungua miguu akae katikati. Sasa mvute, kichwa kije begani kwako. Usimbane tumbo. Mkono huu chini ya kwapa."

Peres alijaribu. Lakini Omollo alikuwa mzito kwa yale maji, na nyonga ya Peres ilikuwa mbovu, na kila alipomwinua walianguka pamoja upande mmoja. Alijaribu tena, akauma midomo. Omollo alikuwa anakoroma sasa.

"Simwezi," Peres alisema. "Nyar Gem, simwezi."

Lornah akapanda kitandani. Akakaa nyuma kabisa, mgongo ukutani, akamkumbatia Peres kiunoni kwa mikono yote miwili, akavuta. Peres akaja na Omollo akaja. Wakakaa hivyo watatu, Omollo kifuani kwa Peres, Peres kifuani kwa Lornah. Kuhusu hilo mchungaji hakuwa amesema lolote. Pumzi ikaanza kuingia, kidogo, kisha nyingine. Jacklyne alisimama ameshikilia pazia.

Ploti ikaamka. Mtu akafungua bomba, mtu akawasha redio. Lornah hakumwona mumewe, alimsikia kupitia mgongo wa Peres, ukipanda na kushuka, na mikono ilipochoka aliendelea kuvuta. Baadaye mgongo ule ulipanda, ukashuka, ukawa wa Peres peke yake.

"Ametulia?" Lornah akauliza.

"Ametulia."

"Amelala?"

Peres alinyoosha mkono, akamfumba macho.

"Uso wake uko vipi? Mimi huku sioni."

"Uko sawa," Peres alisema. "Hauogopi."

Lornah hakujua kama ni kweli ama ni huruma, na hakujaribu kuchungulia. Alingoja. Kwao mikayi ndiye huanza kilio, wengine hufuata. Haki hiyo ilikuwa ya Peres, nyumbani na kanisani pia. Lakini Peres alikaa kimya, amemshika maiti, amefunga mdomo.

"Anza," akasema.

"Siwezi, Mikayi. Mimi nimeachwa."

"Mimi sikukuacha," Peres alisema. "Anza."

Lornah akaweka uso kwenye shingo ya mwenzake, akalia, na ploti nzima ikamsikia.